Dawa ya Moto

Neno dawa katika Kiswahili limebebeshwa mizigo mingi. Cha kumponya mgonjwa ni dawa. Cha kuulia panya ni dawa. Cha kusugulia meno, cha kung'arishia viatu, cha kupaka mlingotini ili mchwa wasile, vyote hivyo ni dawa. Na ule unga unaomfanya kijana auze godoro la mama yake nao tunauita dawa, ila tunaongeza maneno mawili, "ya kulevya", ili tusichanganyikiwe. Wazee wetu nao walipotaka kusema kwamba ukali huzimwa kwa ukali, walisema dawa ya moto ni moto.

Methali hiyo madaktari wa Ulaya na Marekani waliifuata kwa muda mrefu bila kuijua. Kwa zaidi ya miaka 140 sasa wametafuta dawa ya kumtoa mtu katika dawa. Safari nyingine wamefanikiwa, na mafanikio yao yameokoa maisha ya maelfu. Safari nyingine wamechukua moto wakauweka juu ya moto, na nyumba ikateketea upesi zaidi. Nilifanya kazi ya kugawa dawa dirishani kwa miaka ishirini na ushei, hapa Tanga, na swali nililoulizwa kwa sauti ya chini kuliko maswali yote ni hili: "Je, hakuna dawa ya kumfanya aache?" Aghalabu aliyeuliza alikuwa mama. Insha hii ni historia ya swali hilo, hasa kwa upande ambao jibu lake limekuwa gumu kuliko pengine pote.

Kwanza, msomaji, tutenganishe mambo mawili. Vileo vya sirini si vya namna moja. Kuna jamii ya afyuni, ambayo ndani yake mna mofini na heroini. Hivi hutuliza, huondoa maumivu na kumlaza mtu. Kuna jamii ya pili, ya vichangamshi, ambavyo humwamsha mtu, humkatia njaa na usingizi na kumfanya ajione hodari: humo mna kokeini, amfetamini na ndugu zake, na kwa kiasi kidogo majani yetu ya mirungi, ambayo Wakenya huyaita miraa. Uraibu, neno la kale la pwani tulilokuwa tukilitumia kwa tambuu na tumbaku, unaweza kumshika mtu kwa upande wowote. Lakini namna ya kumfungua si moja, na makosa mengi ya historia yalitokana na watu kudhani kwamba ni moja.

Kokeini ilitengwa kutoka katika majani ya koka na mwanakemia Mjerumani, Albert Niemann, mwaka 1860. Kwa miaka ishirini na kitu haikuwa na kazi maalumu. Halafu mwaka 1884 daktari kijana wa Vienna, mwenye umri wa miaka 28, hana fedha, ana mchumba anayetaka kumwoa, alisoma katika jarida moja la Marekani kwamba koka inaweza kuwaponya watu waliozoea mofini. Kijana huyo alikuwa Sigmund Freud, ambaye baadaye alijulikana duniani kwa mambo mengine kabisa. Aliagiza kokeini, akaionja mwenyewe, akaipenda, na mwaka huohuo akaandika makala ya kuisifu. Humo alisema kwamba kokeini haimwachi mtu na hamu ya kuitaka tena.

Alikuwa na rafiki aliyempenda na kumheshimu sana, Ernst von Fleischl-Marxow, mtaalamu wa fiziolojia. Fleischl alijiambukiza alipokuwa akipasua maiti, akakatwa kidole gumba, na kidonda kikamwachia maumivu yasiyokoma. Kwa maumivu hayo alizoea mofini. Freud akampa kokeini ili aiache. Siku za mwanzo mambo yalionekana mazuri mno: mofini ilipungua, mgonjwa akachangamka. Lakini mwaka ulipogeuka Fleischl alikuwa akitumia kokeini kwa wingi wa kutisha, halali, anaona wadudu na nyoka wakitambaa juu ya ngozi yake, na Freud mwenyewe akikesha naye usiku. Na mofini hakuiacha. Alifariki mwaka 1891, akiwa na miaka 45. Daktari mmoja wa Ujerumani, Albrecht Erlenmeyer, alikuwa amekwisha kuonya kwamba baada ya pombe na mofini, wanadamu sasa wameletewa balaa la tatu.

Wakati huohuo, ng'ambo ya bahari ya Atlantiki, hadithi ileile ilikuwa inasimuliwa kinyumenyume. Daktari mpasuaji wa New York, William Halsted, alisikia kwamba kokeini inaweza kuua ganzi sehemu ya mwili, jambo ambalo Carl Koller wa Vienna alilionyesha kwa jicho mnamo Septemba 1884. Halsted na wenzake wakaanza kujidunga wenyewe kujaribu. Ugunduzi wao ulikuwa mkubwa. Kila anayechomwa sindano ya ganzi leo kwa daktari wa meno ananufaika nao. Bei waliyoilipa nayo ilikuwa kubwa. Halsted alinaswa na kokeini hata akawa hawezi kazi. Mwaka 1886 akalazwa katika hospitali ya Butler huko Providence, na katika matibabu hayo mofini ikaingia mahali pa kokeini.

Halsted aliondoka na kwenda Baltimore, akawa mmoja wa waanzilishi wa hospitali ya Johns Hopkins. Ndiye aliyeleta glavu za mpira katika chumba cha upasuaji, na ndiye aliyefundisha kizazi kizima cha wapasuaji wa Marekani. Walimwona mtu mkimya, mkamilifu, mwenye kupotea kwa miezi wakati wa likizo. Alifariki mwaka 1922. Mwaka 1969 ndipo yalipochapishwa maandishi ya siri ya daktari mwenzake, William Osler, na dunia ikajua kwamba kwa miaka mingi Halsted alikuwa akitumia mofini kila siku, na kwamba kwa muda mrefu hakuweza kuipunguza chini ya miligramu 200 hivi.

Basi tunao watu wawili. Mmoja alitolewa kwenye mofini kwa kokeini, akafa na zote mbili. Wa pili alitolewa kwenye kokeini kwa mofini, akaishi na mofini mpaka mwisho wake. Mara nyingi nimewaza juu ya tofauti yao. Halsted hakupona, lakini aliishi, alifanya kazi, alioa, alifundisha. Fleischl aliungua. Ndani ya maisha ya watu hawa wawili, kama mtu angekuwa na macho ya kuona, mlikuwa tayari mna somo lililochukua karne nzima kueleweka: mtu aweza kusimamishwa juu ya afyuni ya kipimo akaendelea na maisha yake, juu ya kichangamshi kikali hasimami mtu muda mrefu.

Mafunzo hayakushikwa kwa sababu soko lilikuwa na haraka. Kule Dwight, mji mdogo wa Illinois, Leslie Keeley alikuwa ameanza mwaka 1879 kuuza tiba aliyoiita ya dhahabu, kwa walevi wa pombe na watumiaji wa afyuni. Wagonjwa walikwenda kwa maelfu wakapigwa sindano mara nne kwa siku. Mchanganyiko wake aliufanya siri mpaka alipokufa mwaka 1900. Hata hivyo wapo waliopata nafuu, na ukichunguza utaona kwa nini: walikaa pamoja majuma kadhaa, wakala vizuri, wakazungumza na watu waliokuwa katika shimo lilelile. Dhahabu ilipewa sifa ambayo ilistahili kwenda kwa mabenchi waliyokalia.

Karne ya ishirini ikaleta kichangamshi kipya, nacho kilikuja kimevaa koti jeupe la daktari. Amfetamini ilianza kuuzwa Marekani katika miaka ya 1930 kama dawa ya kufungua pua. Vidonge vyake vikafuata, vya kuondoa unyonge, vya kupunguza unene, vya kumkesha mwanafunzi. Katika Vita vya Pili vya Dunia majeshi ya pande zote mbili yaligawa vichangamshi kwa marubani na askari wao. Vita vilipokwisha Japani ilibaki na maghala ya methamfetamini, ambayo viwanda vilikuwa vikiuza kwa jina la Philopon. Vijana wasio na kazi, wajane, madereva, wote walikimbilia kitu kinachoua njaa na usingizi kwa bei ndogo. Sheria ya kuidhibiti ikatungwa mwaka 1951, na katika mwaka 1954 pekee watu zaidi ya 55,000 walikamatwa.

Uswidi walijaribu njia nyingine. Kuanzia mwaka 1965 madaktari wachache wa Stockholm, hasa Sven-Erik Åhström, waliruhusiwa kuwaandikia watumiaji amfetamini na afyuni kihalali, ili wasiiibe wala kuinunua vichochoroni. Nia ilikuwa ya huruma, nami siidharau. Lakini wagonjwa wenyewe ndio walioachiwa kusema wanahitaji kiasi gani, na wakasema wanahitaji kingi. Dawa zikatoka mikononi mwao zikaingia mikononi mwa marafiki. Mwaka 1967 msichana wa miaka 17 alikufa kwa dawa zilizotoka kwa mgonjwa mmoja wa mpango huo, na mpango ukafungwa. Kifo hicho kiliigeuza Uswidi kuwa mojawapo ya nchi kali kabisa za Ulaya kwa mambo haya.

Ajabu ni kwamba katika miaka ileile, kule New York, dawa ya moto ilikuwa inapatikana kweli, ila kwa moto wa namna nyingine. Vincent Dole na Marie Nyswander walianza mwaka 1964 kuwapa watumiaji wa heroini dawa iitwayo methadoni, iliyotengenezwa kwanza na Wajerumani kabla ya vita. Mwaka 1965 walitangaza habari za wagonjwa 22 wa kwanza. Watu ambao jana mawazo yao yote yalikuwa juu ya sindano inayofuata, leo walikuwa wanazungumza habari za shule na kazi.

Siri yake ni rahisi kuieleza. Katika ubongo mna kama kufuli, na heroini ni ufunguo unaoingia upesi, ukafungua kwa kishindo na kutoka baada ya saa chache. Mtu huachwa na kile ambacho vijana wetu hukiita arosto, mwili ukiuma, jasho na kutapika. Methadoni ni ufunguo wa kufuli hilohilo, lakini huingia polepole na kukaa siku nzima. Arosto haiji, kishindo hakipo, na mtu hupata nafasi ya kuwa mtu. Dawa hiyo ilifika Muhimbili, Dar es Salaam, Februari 2011, na kutoka hapo ikaenea katika miji mingine ya nchi yetu; Kenya nayo ikafuata baada ya miaka michache. Nimewaona kwa macho yangu vijana waliokuwa wameoza wakiwa wamesimama foleni ya asubuhi kunywa kikombe chao, kisha wakaenda kuuza ndizi. Asiyeiamini dawa hiyo namwomba akae kwenye foleni hiyo juma moja.

Kwa nini basi hakuna methadoni ya kokeini? Swali hili wataalamu wamelihangaikia tangu miaka ya 1980, kokeini ilipoifurika miji ya Marekani. Jibu ni kwamba kokeini haina kufuli la kwake peke yake la kujazwa. Chembe za ubongo hupelekeana habari kwa kemikali, na mojawapo ni dopamini, ambayo hutolewa kidogo halafu hurudishwa ilikotoka. Kokeini huziba mlango wa kurudishia. Amfetamini huisukuma dopamini itoke kwa wingi. Hapo ubongo hujazwa furaha ambayo haikufanyiwa kazi. Na mtu anapoacha, hatapiki wala hatetemeki kama wa heroini. Hulala sana, hula sana, huingiwa na huzuni nzito, kisha baada ya majuma anaonekana mzima. Ndipo siku moja anapita mtaa fulani, au anashika mshahara mkononi, na ile hamu inamrukia kama chui. Ugonjwa wenyewe unakaa zaidi katika kumbukumbu kuliko katika maumivu ya mwili, na kumbukumbu si rahisi kuitilia dawa.

Hata hivyo walijaribu. Baadhi walisema dopamini imekwisha, basi tuiongeze. Wakatoa bromokriptini, dawa ya ugonjwa wa kutetemeka. Wengine walisema hii ni huzuni, tutoe dawa za huzuni. Mwaka 1989 Frank Gawin na Herbert Kleber wa Chuo Kikuu cha Yale walitangaza matokeo ya wagonjwa 72 waliotibiwa kwa majuma sita. Kati ya waliopewa desipramini, asilimia 59 walikaa majuma matatu hadi manne mfululizo bila kokeini. Waliopewa kidonge kisicho na kitu ndani walikuwa asilimia 17 tu. Ungekuwepo wakati ule ungesema mlango umefunguka. Lakini wengine waliporudia jaribio hilo kwa watu wengi zaidi, tofauti ikafifia. Ndivyo ilivyokwenda kwa dawa nyingi: jaribio la kwanza dogo na la furaha, la pili kubwa na la huzuni.

Wakajaribu hata chanjo, yaani kuufundisha mwili uikamate kokeini ndani ya damu kabla haijafika kichwani. Katika jaribio lililotangazwa mwaka 2009, watu 115 walishiriki, na ni asilimia 38 tu ambao miili yao ilitengeneza kinga ya kutosha. Hao walipunguza kokeini kwa kiasi fulani. Jaribio kubwa zaidi lililotangazwa mwaka 2014 halikutimiza lililotazamiwa. Kulikuwa na wagonjwa ambao, walipoona hawalewi kama zamani, waliongeza kokeini ili waishinde chanjo. Habari hiyo inafundisha. Unaweza kuziba mlango wa damu. Anayetaka kuingia atatafuta dirisha.

Na huku kwetu, anayeambiwa "hakuna" hasikii historia yote hii. Husikia neno moja, na neno hilo lina wanunuzi wake. Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, alikuwa dereva wa malori. Alianza kutafuna mirungi ili asisinzie njiani, kama wafanyavyo madereva wengi kati ya hapa na Mombasa, ingawa upande wetu wa mpaka ni haramu kisheria. Ilitosha kwa miaka kadhaa. Baadaye akaonjeshwa kokeini huko safarini, na katika mwaka mmoja gari likamtoka mikononi, mke akarudi kwao, naye akarudi kwa mama yake akiwa na mfuko wa plastiki. Dada yangu alikuwa amesikia redioni habari za dawa ya Muhimbili. Hospitali aliyokwenda kuuliza ilimwambia kwamba dawa hiyo ni ya heroini na kwamba ugonjwa wa mwanawe hauna dawa. Maneno hayo yalikuwa kweli, nayo yalikuwa nusu ya kweli.

Juma lililofuata aliuza cherehani yake na kununua tiba kwa mtu aliyejiita mtaalamu wa kukata arosto: pakiti 30 za unga, moja kila jioni. Kijana alilala kama mtoto. Dada yangu akalia kwa furaha, akaniletea pakiti moja nione maajabu. Nilipoimwaga kwenye karatasi nikakuta kipande kisichosagika vizuri, kina nusu ya alama ya kiwanda. Vilikuwa vidonge vya usingizi vilivyopondwa. Pakiti zilipokwisha mpwa wangu alikuwa na mabwana wawili badala ya mmoja, kama Fleischl, na yule muuzaji hakuonekana tena mtaani. Ilitubidi tumpunguzie vile vidonge polepole, chini ya daktari, kwa miezi minne.

Jioni moja katika miezi hiyo aliniuliza, "Mjomba, wewe umeishi na madawa maisha yako yote. Huna hata moja la kwangu?"

Sikuwa nalo. Kilichopatikana hakikutoka dirishani kwangu. Ndugu yangu mkubwa ana mashua, naye alimpa kazi ya kuziba na kupaka rangi, kwa masharti ya kikale: njoo asubuhi macho yako yakiwa meupe, jioni utalipwa ujira wa siku, ukija umevurugika, huna kazi leo, lakini njoo kesho. Kila juma likipita salama, ujira uliongezwa kidogo. Aliyeshika zile fedha alikuwa dada yangu. Kijana alichagua cha kununua, mama akaenda kununua. Ameanguka mara mbili tangu hapo, safari moja kwa miezi. Kila alipoinuka, ile "njoo kesho" ilikuwa bado ipo.

Miaka ilipopita ndipo niliposoma habari za Stephen Higgins na wenzake wa Chuo Kikuu cha Vermont, nikacheka peke yangu. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 walikuwa wakifanya kwa vipimo kile ambacho ndugu yangu alikifanya kwa busara ya baharini. Mgonjwa wa kokeini alipimwa mkojo mara tatu kwa juma. Ukiwa safi, alipewa hati ya dola 2.50, safi tena, ikaongezeka dola 1.25, na kuendelea. Ukiwa na kokeini, hesabu ilirudi mwanzo. Hati haikuwa fedha taslimu. Wafanyakazi wa kliniki ndio waliokwenda kununua alichokitaka, mradi kiwe cha kumrudisha katika maisha mema: vifaa vya baiskeli, masomo, hata leseni za kuvua samaki. Katika jaribio la watu 40 lililotangazwa mwaka 1994, asilimia 75 ya waliopewa hati walimaliza majuma 24 ya matibabu. Kwa wasiopewa, asilimia 40. Na tofauti na desipramini, jaribio hili liliporudiwa na wengine, mara nyingi lilisimama.

Najua litakalosemwa, kwa sababu nimelisema mwenyewe mbele ya ndugu yangu: tunamlipa mtu kwa kutofanya uovu? Je, mwaminifu ambaye hakugusa kitu atapewa nini? Swali hilo lina haki yake. Lakini tumtazame mgonjwa. Kokeini inalipa papo hapo, kila mara, bila kukosa. Maisha mema hulipa baada ya miaka, tena pengine. Ubongo uliozoea malipo ya papo hapo hauwezi kusubiri miaka. Unahitaji daraja la malipo madogo, ya upesi, ya hakika. Daktari anapofunga mguu uliovunjika kwa gongo hatuulizi wenye miguu mizima watapewa nini. Hata wakubwa wamelikubali polepole. Hospitali za askari wastaafu wa Marekani zilianza mpango huo mwaka 2011, na jimbo la California likauanza mwaka 2023 kwa watumiaji wa vichangamshi, kwa kiwango kisichozidi dola 599 kwa mwaka.

Upande wa vidonge haukufungwa. Mwezi Januari 2021 yalitangazwa matokeo ya jaribio la watu 403 waliozoea methamfetamini, waliopewa dawa mbili pamoja: sindano ya naltreksoni kila majuma matatu na kidonge cha bupropioni kila siku. Waliofaulu walikuwa asilimia 13.6, dhidi ya asilimia 2.5 kwa waliopewa dawa bandia. Ni wachache, lakini si sifuri. Na hapa pana jambo litakalowachekesha watu wa Meru: bupropioni, kwa ukoo wa kikemia, ni binamu wa kathinoni, ile kemikali ya ndani ya mirungi iliyotambuliwa mwaka 1975. Moto na dawa ya moto wametoka katika kuni za msitu mmoja. Na Uswidi, nchi iliyojeruhiwa na jaribio la 1965, ndiyo iliyotoa mwaka 2022 uchunguzi wa kumbukumbu za watu wapatao 14,000, ulioonyesha kwamba waliokuwa wakitumia kwa maagizo ya daktari amfetamini ya kutenda polepole walilazwa hospitali mara chache zaidi. Uchunguzi wa kumbukumbu si ushahidi wa mwisho. Lakini unaonyesha kwamba tofauti kati ya dawa na kileo hukaa katika kasi yake, kipimo chake na mkono unaoitoa, kama tulivyoona tayari kwa methadoni.

Hata leo mamlaka ya dawa ya Marekani haijaidhinisha dawa hata moja ya uraibu wa kokeini au methamfetamini. Huenda ikapatikana, ningependa niione. Lakini nimejifunza kutoka kwa historia hii kuogopa vitu viwili. Naogopa mtu anayesema amekwisha kuipata, hasa akiwa anaificha ndani ya pakiti. Na naogopa vilevile mtu wa dirishani anayesema "hakuna dawa" kisha akavuta kioo, kwa maana anayemwambia hivyo ataondoka na kwenda kwa yule wa kwanza.

Jibu la kweli ni refu kuliko neno moja. Mama, kidonge cha kumfanya aache bado hakijapatikana, na ukiuziwa, shika cherehani yako. Lakini ugonjwa huu unatibika. Alale, ale, apimwe moyo na akili, kwa kuwa huzuni ya siku za kwanza yaweza kuua. Usimpe fedha mkononi. Mpe kazi yenye jioni yake, na ujira mdogo usiokawia. Hesabuni siku pamoja. Na akianguka, hesabu ianze upya, mlango usifungwe.

Mpwa wangu sasa ana fungu dogo katika ile mashua. Wiki iliyopita aliniambia kwamba kijana mmoja wa jirani amekuja kuomba kazi, macho mekundu, mikono haitulii. Nikamwuliza amemjibu nini.

"Nimemwambia leo hana kazi," alisema. "Nimemwambia aje kesho."